Mgongo wa Mavyaa

Nilimkuta Bi Aliya amekaa kitandani na abaya lake jeusi, mtandio umefungwa mpaka kidevuni, soksi miguuni, kama mtu anayesubiri kupelekwa safari.

Haikuwa kawaida yake. Siku za kukandwa hunisubiri amejifunga kanga moja kifuani na nyingine kaitupia mabegani, taulo kubwa limeshatandikwa juu ya shuka ili mafuta yasiharibu godoro, na kabla sijavua viatu huwa ameshaanza kunihadithia mguu ulivyomfanyia inda usiku.

"Sabalkheri, mama."

"Sabalkheri." Macho yake yalikuwa dirishani, upande ule mafundi wa magari wanakogonga mabati tangu asubuhi. Darsait, mtaa wetu huu wa Maskati, ndivyo ilivyo, ukitaka kimya utakipata msikitini. "Leo sikandwi."

"Una homa?"

"Sina."

"Mguu umevimba? Pana mahali pana joto, pamekuwa pekundu?"

Hayo humuuliza kila nikija, kabla sijatia mkono. Mguu wa namna hiyo haukandwi, hupelekwa kwa daktari.

"Mguu wangu hauna kitu. Mwenye maradhi ni mwanangu." Hapo ndipo akanigeukia. "Jana, nishakula, natafuta pa kuegemea, Safwan kaja kanisimamia hapo hapo uliposimama wewe. Kanambia, mama, nnataka kumuoa Nadra. Nikamuuliza, Nadra yupi? Kanambia, Nadra wako."

Nikaweka kikapu changu chini. Mimi na Safwan tulikuwa tumekubaliana asubiri. Nilimwambia, niachie mimi mama, nipe muda nimtafutie mtu wa kumkanda kwanza, kisha ndiyo useme. Akaitikia vizuri kabisa. Sasa kasema.

"Umenyamaza," alisema Bi Aliya. "Basi ni kweli."

"Ni kweli, mama."

"Nawe unamtaka?"

"Nnamtaka."

Sikuona haja ya kuzunguka. Mimi ni mjane, si mwari. Marehemu mume wangu Khattab nilimlilia, nikakaa eda yake, na mpaka leo hakuna sala ninayoitoa bila ya kumuombea. Kumtaka mume mwingine kwa njia ya halali hakumpunguzii yeye kitu, wala hakuniongezei mimi aibu.

Bi Aliya akatikisa kichwa. "Na maana yake unaijua?"

"Naijua."

"Huijui. Ungeijua ungemkatalia. Ukiolewa na Safwan, wewe mkaza mwana wangu, mie mavyaa wako. Mie mavyaa wangu, Mungu amrehemu, nimekaa naye nyumba moja Unguja, nikaja naye huku, nimempikia, nimemuuguza, na wallahi mpaka anaingia kaburini sikuwahi kuliona bega lake. Ndivyo tulivyolelewa. Mama wa mume havui nguo mbele ya mke wa mwanawe." Akanyanyua mkono wake wa kulia, ule mzima, akaninyooshea kidole. "Na wewe ushaniona mwili wangu mpaka mahali ambapo mie mwenyewe siwezi kupaona."

"Nimeuona kwa kazi, mama."

"Kwa kazi, sawa. Mkandaji anaona na anasahau. Mkaza mwana hasahau. Siku tukigombana kwa ajili ya chumvi ya mchuzi, utanitazama tu, na mie ntajua unatazama nini."

Nilitaka kucheka, nikauma ulimi.

"Kwa hiyo chagua," alisema. "Mikono yako ibaki kwangu, au iende kwa mwanangu. Kotekote haiendi."

Nikautazama mkono wake wa kushoto uliolala pajani kama kitu cha mtu mwingine. Kiharusi kilimpiga upande huo, na waliponiita nije kumkanda alikuwa hawezi kujigeuza. Hospitali walimpa mazoezi, na mazoezi ndiyo yaliyomsimamisha, sitajipa sifa isiyokuwa yangu. Lakini mwili unaokaa sana kitandani hukaza. Misuli hujikunja kama nguo iliyokaukia ndani ya ndoo, damu hutembea kwa uvivu, miguu hufura, usingizi hukimbia hata kama hakuna maumivu ya kuyataja. Ukiukanda mara kwa mara, si kwa nguvu bali kwa mpango, ngozi hupata joto, viungo hulegea, na yale mazoezi ya daktari huwa mepesi. Na liko jingine ambalo watu hawalisemi. Mgonjwa hushikwa siku nzima kwa kugeuzwa, kuoshwa na kuchomwa sindano. Akishikwa kwa upole tu, ili astarehe, hukumbuka kuwa bado ni mtu. Bi Aliya nilimkuta haongei ila kulalamika. Sasa ananitania mpaka nasahau kuhesabu nyuradi ninazozisoma nikimkanda.

Akiacha kukandwa, mguu ule ungeanza kugoma tena. Alilijua yeye na nililijua mimi. Alikuwa ananitishia kwa mwili wake mwenyewe.

Mlango ukasukumwa, akaingia Reem, binti yake, na sinia ya kahawa na tende. Reem anafanya kazi benki, ni mwanamke msafi, mpole kwa wageni, na siku ile uso wake haukuwa na upole wowote.

"Mama ameshakuambia?"

"Ameshaniambia."

"Mimi nitakwambia la kwangu pia, usije ukasikia kwa watu. Sina neno na tabia yako, Bi Nadra. Lakini watu watasema nini? Watasema mkandaji kaingia kumkanda mama, kamkanda na mtoto."

"Mtoto sijamtia mkono, Reem. Hata salamu ya mkono hatujapeana."

"Najua. Nasema watakavyosema watu."

"Hao watu ndio watakaokuja kumkanda mama yako?"

Akaweka sinia juu ya meza kwa kishindo. "Kuna wakandaji tele. Kuna saluni Ruwi inatuma wanawake majumbani, wamesomea kazi hiyo."

"Simtaki," Bi Aliya akadakia. "Yule uliyemleta siku ile alinifua kama suruali. Halafu mie sivui nguo mbele ya mtu nisiyemjua baba yake."

"Sasa mama, unataka nini?"

"Nnataka Nadra abaki Nadra."

Nikawaomba ruhusa nitoke kidogo.

Safwan alikuwa ukumbini, karibu na mlango wa nje ulioachwa wazi. Ndivyo anavyofanya siku zote mimi nikiwapo. Huacha mlango wazi, husimama mbali, macho chini kwenye marumaru. Ana karakana ya viyoyozi Ruwi, lakini siku za kukandwa mama yake huchelewa kwenda, na nikifika hukuta bakuli la mafuta limeshawekwa ndani ya maji ya moto jikoni, taulo zimeshakunjwa. Miezi mingi hatukuzungumza zaidi ya salamu na hali ya mgonjwa. Mpaka siku moja natoka, nikajisugua bega bila kujijua, akaniuliza huku akiitazama sakafu, "Na wewe, Bi Nadra, nani anakukanda?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hilo. Nilikwenda nalo nyumbani, nikapika nalo, nikalala nalo. Haukupita muda, pale pale mlangoni, akanambia anataka kunioa.

"Nimeharibu," alisema sasa.

"Umeharakisha."

"Tulipokuwa tunakula mama aliniuliza kwa nini sili. Nikasema sina njaa. Akasema, mtu asiye na njaa hatazami mlango kila akishika tonge. Nikamfuata chumbani nikamwambia. Ningesema uongo, Bi Nadra? Mbele ya mama?"

"Ungesema tumbo linakuuma."

"Nisingeweza. Tumbo halikuwa linaniuma."

Nilimtazama kisogo chake kilichoinama, nywele za mvi zinazoanza nyuma ya sikio. Mtu mzima na karakana yake na wafanyakazi wake, anashindwa kumdanganya mama yake. Kama palikuwa na chembe ya shaka ndani yangu, ilitoka pale.

"Nitamwambia tungoje," alisema. "Mwaka, miaka. Mpaka apone kabisa."

"Hapana."

"Hapana?"

"Mama yako ana umri, na maradhi yake yanataka uangalizi wa maisha. Ukimwambia tungoje apone, unamwambia kwamba sisi tunangoja asiwepo. Atalijua hilo na atalala nalo. Sitaki ndoa ya kungojea mtu afe. Naitaka mama yako yuko hai, amekaa kwenye kiti cha mbele, ananitania."

Akalipima hilo ameinama. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akanyanyua macho. Hayakukaa sana, na mimi sikuyaacha yangu yakae pia. Lakini kwa kile kidogo yalichokaa nilihisi kama mtu aliyefunguliwa dirisha katika chumba kilichofungwa siku nyingi. Nikasema astaghfirullah moyoni, na bado joto likabaki shingoni.

"Nifanye nini?" aliuliza.

"Lete maji ya moto na mkasi wa kucha, uviweke mlangoni."

"Mkasi wa kucha? Wa mama?"

"Wa Reem."

Nikarudi chumbani. Bi Aliya alikuwa hajasogea, ila soksi moja ilikuwa imeteremka, na niliona anavyokiminya kisigino cha mguu mbovu kwa kidole gumba cha mguu mzima. Ulishaanza kumuuma.

"Nishachagua, mama," nilisema.

Akakaza mdomo.

"Nnaolewa na Safwan, akipenda Mungu na wewe ukiridhia. Bila ridhaa yako sitaolewa naye, nitakaa kwangu, na kukanda nitakukanda vile vile. Lakini nikikukanda nitakuwa namtaka mwanao, na wewe utakuwa unajua. Utavua nguo mbele ya nani basi? Yule Nadra unayemtaka abaki, alishaondoka."

Bi Aliya akauvuta mtandio wake kidevuni. Reem akasema, "Sasa hayo ni maneno gani ya kumwambia mgonjwa?"

"Ni maneno ya kweli. Na wewe Reem, kaa hapa, nipe mikono yako."

Akanipa kwa mshangao. Mikono mizuri, laini, imenyooka, na kila kidole kina ukucha wa kubandika mrefu wenye rangi ya zambarau.

"Hizi zitatoka," nilisema.

"Zitatoka kwa nini?"

"Kwa sababu utamkanda mama yako. Huwezi kumkanda mtu na makucha haya, utamchana."

"Mimi?"

"Huyo?" alisema Bi Aliya. "Huyo hata chapati hakandi, ananunua."

"Mama, siwezi." Reem alinigeukia, na sauti yake ikawa ya chini. "Siwezi, Bi Nadra. Namuogopa. Tangu aumwe namuogopa kumshika, naona kama atavunjika. Ndiyo maana nilikutafuta wewe."

Yale yalitoka kwa ghafla na Bi Aliya akayasikia. Aligeuza uso tena dirishani, lakini safari hii hakuwa anatazama mafundi.

"Mtoto wa kike haya zake kwa mama si kama za mkwe," nilisema. "Umelala tumboni mwake, Reem. Hakuna cha kuficha baina yenu. Na hatovunjika. Mimi nitakuwapo nikuelekeze."

"Utakuwapo vipi?" aliuliza Bi Aliya. "Nishakwambia sivui mbele yako."

"Nitautazama ukuta."

Bi Aliya akaupima ukuta kwa macho.

Nikauchukua mkasi na yale maji ya moto mlangoni, nikampa Reem. Aliloweka vidole, akazibandua na kuzikata moja moja, akisonya, na nilipomwambia kuwa hata maji ya udhu sasa yatamfika kuchani alinikata jicho, halafu akacheka bila kupenda. Akaosha mikono, nikamtilia mafuta ya ufuta viganjani, nikamwambia ayasugue mpaka yapate joto la mwili wake. Kisha nikavua abaya langu nikalitundika juu ya kioo cha kabati, nisije nikamwona humo, nikasimama mbele ya ukuta, uso karibu kugusa rangi.

"Nishageuka, mama."

Nilisubiri. Kwanza hakukuwa na kitu. Halafu nikasikia vifungo vya abaya, kimoja, na kingine, na Reem anasema, "Inua mkono, mama, taratibu." Kitanda kikalia. Akalazwa ubavu, upande wa mguu mzima.

"Mto uko baina ya magoti?" niliuliza.

"Uko."

"Mfunike kanga, ufunue mgongo tu. Weka viganja viwili chini ya shingo, usisugue, viache tu. Msikilize anavyopumua. Akitoa pumzi, teremka naye mpaka kiunoni. Pembezoni mwa uti, si juu ya mfupa."

Bi Aliya alipumua kwa shida, pumzi fupi fupi za mtu aliyejikaza. Sikuwa nikimwona lakini naujua mgongo ule kama ninavyoijua njia ya kwangu. Najua unapokaza, chini ya bega la kushoto, na najua pumzi yake inavyobadilika pakifikiwa.

"Hapa pagumu," alisema Reem. "Kama jiwe."

"Usishindane napo. Weka kiganja, tulia, papashe joto. Patalegea penyewe."

Tukangoja. Huko nje nyundo zikasita, pengine mafundi walikwenda kunywa chai.

"Panalegea," alisema Reem. Alisema kama mtoto aliyeona kifaranga kinatoka. Kisha, "Mama, hili kovu la begani ni la nini?"

"La maji ya moto."

"Lini? Sikuwahi kuliona."

"Ungelionea wapi? Ulikuwa unatambaa. Ulivuta nguo ya meza na birika juu yake. Nikakuinamia." Bi Aliya alikohoa. "Wewe hukupata hata tone."

Nilisikia mikono ya Reem imesimama, halafu imeanza tena, na mwendo wake haukuwa ule wa mwanzo. Ulikuwa wa polepole, na mzito. Lile halifundishwi.

Pumzi ya mama yake ikaanza kurefuka. Ikateremka, ikapanda. Nikaanza kumsomea dua ya mgonjwa kimoyomoyo huku naelekeza, kiuno, nyonga, paja, na mguuni mkono upande juu kuelekea moyoni, taratibu. Nikafikiri, Mola wangu, hata kama hatoridhia, hili peke yake linatosha kwa leo. Lakini halikunitosha, na Mola anajua.

"Sasa shavu la mguu," nilisema. "Shika kwa kiganja kizima, usichomeke vidole."

"Hivi?"

Bi Aliya akatoa ukelele. Mkali, wa maumivu. Reem alikuwa amebonyeza uvungu wa goti, mahali pasipobonyezwa, nilijua kwa ile sauti tu, na mwili wangu ukaruka kabla ya akili. Bega langu likaacha ukuta, mguu ukatangulia.

"Usigeuke."

Nikasimama nilipo.

Ilikuwa sauti ya Bi Aliya, na haikuwa ya hasira. Reem alikuwa anasema, samahani mama, samahani, lakini mama yake hakuwa anasema naye. Alikuwa anasema na mimi.

"Rudi ukutani, Nadra."

"Anabonyeza pabaya, mama."

"Mwambie kwa mdomo. Mdomo si unao? Mkaza mwana wangu hanitazami."

Nikarudisha uso ukutani. Rangi ya ukuta ikaanza kunichezea machoni, nikafumba.

"Toa vidole, Reem. Chini ya goti kidogo. Kiganja kizima."

"Hapa?"

"Muulize mama yako."

"Hapo hapo," alisema Bi Aliya. "Hapo umepata. Polepole, mwanangu." Akavuta pumzi. "Na wewe uliye ukutani, kaka yako anakaa wapi siku hizi?"

"Sidab, mama. Marhoon yuko Sidab."

"Taib. Wanaume wetu watamwendea Alkhamisi kuposa. Nisije nikasikia tumechelewa, huyo mwanangu hali chakula." Kitanda kikalia, alikuwa anajiweka sawa. "Na ukitoka usipite ukumbini. Safwan kakaa pale kama bawabu. Kuanzia leo hakuoni mpaka kadhi aondoke. Pita jikoni, kuna mlango wa nyuma."

"Ndiyo, mama."

"Abaya lako vaa huko huko, usigeuke kulifunga."

Nikalivuta kutoka kabatini kwa mkono wa nyuma, nikalivaa uso ukutani, nikatoka kinyumenyume na ubavuni kama kaa, na nyuma yangu nikamsikia Reem anacheka na mama yake anacheka, kicheko kimoja kwa watu wawili.

Kwenye ujia wa kwenda jikoni nikafunga mtandio wangu vizuri. Nikasukuma mlango wa jikoni, na mtu alikuwa pale, ananipa mgongo, mikono ya kanzu imekunjwa, anaosha bakuli la mafuta kwenye sinki. Maji yalikuwa yanakwenda kwa nguvu, hakusikia nilivyoingia mpaka nilipokuwa karibu na mlango wa nyuma. Mabega yake yakaanza kuzunguka.

"Usigeuke, Safwan," nilisema. "Mama kasema."

Akatulia. Bakuli likabaki mkononi, maji yanamwagika juu yake. Alifikiri kidogo, nikaona masikio yake yanapanda rangi, halafu yale mabega aliyoyabeba juu tangu asubuhi yakateremka, taratibu, mpaka mahali pake.

Nikafungua mlango nikaenda zangu.